Mbwa wa Nyumba Mbili

Juzi mvua ilinikuta sokoni hapa Kasongo. Nikajibanza chini ya bati la muuza chumvi pamoja na watu wengine, vikapu vimebanana na magoti. Akaja mbwa. Alikuwa amelowa chapachapa, akajipenyeza katikati ya miguu yetu, akajikung'uta, na ile harufu ikapanda. Mnaijua. Harufu ya mbwa aliyenyeshewa haina adabu: inanuka majani yaliyooza, moshi wa jikoni na gunia la zamani, vyote kwa pamoja. Mama mmoja akafunika pua kwa kitenge, kijana wa pikipiki akamsukuma mbwa kwa buti. Mimi niliivuta hewa ile mpaka nikaona haya. Nilikuwa nimerudi Wamaza, kijiji nilichozaliwa, kwenye ua wetu, asubuhi, na baba yangu amesimama juu ya kiti, ameshika kanzu yake usawa wa magoti, akimfokea mbwa aliyempenda kuliko alivyokubali kusema.

Ngoja nieleze vizuri, maana mtu akisikia mbwa na kanzu kwa pamoja anaweza kudhani nimechanganya hadithi mbili.

Baba ni mtu wa Kasongo, wa zile familia za Waislamu wa mjini ambao babu zao walikuwa wafanyabiashara na wao wamebaki hivyohivyo. Alifika Wamaza kwa baiskeli, amefunga nyuma chumvi, sabuni na vitenge, akiwa na nia ya kukaa msimu mmoja tu. Akamwona mama. Mama alikuwa binti wa wakulima Wakristo, Wabangubangu wa palepale, watu wa mihogo na pori. Wakaoana, na maneno yakawa mengi pande zote mbili. Kasongo walisema kijana amepotelea msituni. Wamaza walisema binti amechukuliwa na mtu wa dukani asiyejua hata kushika panga. Aliyesimama nao alikuwa mmoja, kaka yake mama, Mjomba Benwa.

Mwaka huohuo mbwa jike wa mjomba alizaa. Mjomba akachagua dume mmoja mwekundu, mwenye mkia uliojikunja juu ya mgongo, akampa jina Wacha-Waseme. Kwetu ni desturi. Neno usiloweza kumwambia jirani usoni unalifanya jina la mbwa, kisha unamwita mbwa wako kwa sauti kubwa kila jioni. Jirani anasikia, na hana pa kushtaki, kwa sababu mtu anamwita mbwa wake tu. Mjomba aliimba kwaya kanisani, kifua anacho, na kila jua lilipokuwa likishuka kijiji kizima kilisikia, "Wacha-Wasemeee!" Hatimaye waliokuwa wakisema walichoka wenyewe. Sisi watoto tulilifupisha jina, tukamwita Waseme. Mimi nilimkuta duniani, na kwa muda mrefu niliamini kwamba ni mkubwa wangu kwa kuzaliwa na anastahili heshima.

Nyumba yetu na ya mjomba zilitenganishwa na shamba la mihogo na kijito kilichovukwa kwa gogo. Waseme alilala kwa mjomba, jikoni, kwenye majivu yenye joto. Asubuhi aliamka, akanyoosha mgongo, akavuka gogo, akaja kwetu. Baba akitoka kuswali alfajiri alimkuta ameketi mlangoni. Mbwa wa kwetu hawabweki, pengine mnajua. Wanatoa mlio fulani kama mtu anayetaka kuanza wimbo akasahau maneno. Basi Waseme alimwimbia baba wimbo wake uliosahaulika, akazunguka mara kadhaa, akaketi tena. Baba akainama, akamkuna katikati ya masikio.

"Mbwa mukavu, mukono mukavu, hakuna neno," alimwambia mama kila mara, kana kwamba mama alikuwa amemuuliza.

Kwetu Waislamu mate ya mbwa ni najisi, na mbwa aliyelowa hashikwi. Ukiguswa na ulimi wake unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mama, ambaye alizaliwa Mkristo akasilimu kwa ajili ya ndoa, alikuwa makini kuliko baba. Alikuwa na kopo la udongo safi nyuma ya nyumba, tayari. Sasa msimu wa mvua ukiingia, Waseme alikuwa anavuka kijito amelowa mpaka tumboni, na furaha yake haikupungua hata tone. Ndipo baba alipokuwa akipanda kiti. "Kaa mbali! Kaa mbali, ndugu yangu! Ngoja jua!" Mbwa alizunguka kiti akiimba, baba akizunguka juu yake akifoka, na mama akicheka mpaka akaweka ndoo chini.

Lakini kazi iliyowaunganisha baba na mjomba kweli ilikuwa ya porini. Siku ya kuwinda, wanaume walisimama kwanza pembezoni mwa msitu. Shingoni mwa Waseme kulikuwa na kengele ya mti, na njiani ilizibwa kwa majani ili isilie. Mbwa asiyebweka, kengele ndiyo inayowaambia wawindaji yuko wapi. Kuyatoa majani yale ilikuwa kazi ya baba. Baba hakuwa mwindaji hata kidogo, alikuwa na tumbo la mtu wa dukani na aliogopa siafu. Ila sheria yetu inasema mbwa aliyefundishwa, akiachiwa kwa jina la Mungu, mnyama aliyemkamata huliwa, hata akifa mdomoni mwa mbwa kabla ya kisu kufika. Basi baba alizibua kengele, akasema, "Bismillahi, Allahu akbar," akamwachia mbwa, kisha akaketi akila mihogo ya kuchoma mpaka wenzake waliporudi. Kwa njia hiyo mboloko mmoja, yule paa mdogo wa msituni, aliliwa katika nyumba zote mbili. Akinaswa nguruwe-mwitu alikuwa wa watu wa mjomba peke yao, na mjomba alimtania baba njia nzima: "Shemeji, leo Bismillah yako imepita pembeni."

Hakuna aliyekaa chini akapanga mambo yawe vile. Yalikuwa tu, na mimi nilifikiri dunia nzima inawinda hivyo.

Halafu bibi yangu, mama yake baba, akafariki Kasongo. Baba alizika, akarudi Wamaza, na baadaye akataka kumsomea hitima nyumbani kwake. Akawaalika walimu kutoka Kasongo. Ilikuwa heshima kubwa. Walimu wale hawakuwa wamewahi kufika kwa mtu huyu waliyesikia amepotelea msituni, na baba alitaka waone kwamba hakupotea. Aliazima mikeka, akatafuta mchele mzuri. Nyama ingetoka porini, asubuhi ya siku ileile.

Asubuhi ile wageni waliwahi. Pikipiki zao zilisikika wakati baba anavaa viatu vya kwenda msituni. Huwezi kuwaacha walimu mlangoni ukaenda kumwachia mbwa. Akavua viatu, akavaa kanzu, akatoka kuwapokea. Mjomba na wenzake walikuwa wamekwisha kufika pembezoni mwa pori, wakangoja. Jua likapanda. Umande ukikauka mnyama analala, na mbwa hapati harufu. Mjomba alijua kwamba shemeji yake ana wageni na hana nyama. Akapiga magoti, akazibua kengele yeye mwenyewe, na kwa kuwa alikuwa ameyasikia maneno yale miaka yote ile, akayasema. Bismillahi, Allahu akbar. Mkristo wa kwaya. Akamwachia mbwa.

Walirudi na mboloko wawili. Mama na wanawake wakapika, harufu ya mawese na kitunguu ikajaa ua. Hitima ikasomwa, dua ikaombwa, sinia zikaandaliwa. Mimi nilikuwa nikipita na birika la kunawisha mikono, nina furaha ya msichana mdogo anayeonekana na wageni. Mzee mmoja wa wale wawindaji, mcheshi, asiye na ubaya wowote, akasema kwa kicheko huku akimega wali: "Leo Benwa njo alikuwa mwalimu wetu! Alisoma Bismillah muzuri kumupita shemeji yake!"

Wawindaji wakacheka. Walimu hawakucheka. Mkubwa wao alirudisha tonge lake kwenye sinia polepole, akasema kwa upole kwamba amekwisha kushiba. Wengine nao wakashiba. Nilimwona baba usoni. Sikuwa nimewahi kumwona mtu mzima akiona aibu, na nilidhani anaumwa.

"Benwa, ni kweli?"

"Njo kweli, shemeji. Weye ulikuwa na wageni. Nilisema maneno yako yote, sikupunguza hata moja."

"Nani alikutuma? Unalisha watu wangu haramu, siku ya mama yangu?"

Mjomba bado alikuwa na wali mkononi. Aliutazama, akamtazama baba. "Shemeji, hii nyama iliumwa na imbwa. Mudomo ya imbwa munaukubali. Wangu njo muchafu kushinda wa imbwa?"

Hapo ndipo pangeweza kuishia. Wazee wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Baba alijikwaa mbele ya watu wote. Alisema, "Imbwa angalau anangojea kutumwa."

Mjomba aliweka wali chini. Akaninyooshea mikono nimnawishe, nikammiminia maji, akanawa taratibu kama mtu aliyekula vizuri, akaniambia asante, mama, kama alivyozoea kuniita. Akaondoka kupitia shamba la mihogo. Waseme alibaki katikati ya ua akimtazama mmoja, akimtazama mwingine, halafu akamfuata.

Tangu siku ile gogo la kijito halikukanyagwa na baba wala na mjomba. Mama alivuka, sisi watoto tulivuka, wao hapana. Majirani walijua la kufanya, kwa maana msemo upo: ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Kila mtu akashika jembe lake. Nadhani na makapu waliyaweka karibu, kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba watu wale wawili wangemaliza mwezi.

Desturi ilikuwa wazi. Aliyeoa ndiye anayekwenda kwa ndugu wa mke, na hawezi kwenda mikono mitupu. Anapeleka kuku wa radhi. Aliyekosewa anampokea kuku, anamchinja yeye mwenyewe, wanakula wote wawili, neno limekwisha. Baba hakukataa. Hasira yake ilitulia upesi, mama aliniambia, hata kabla ya wiki kwisha. Alimchagua kuku mzuri wa madoadoa, akamfunga kamba mguuni, akasema kesho. Usiku akakumbuka: Benwa akimchinja, mimi nitamla vipi? Ndio ugomvi uleule unaanza upya. Na nikimchinja mimi, radhi gani hiyo?

"Mushike kisu pamoja," mama akamwambia. "Mikono miwili, kisu kimoja. Weye useme maneno yako, yeye aseme yake."

Baba alifikiri anataniwa. Akasema atakwenda Kasongo kuwauliza walimu kwanza. Lakini walimu walewale ndio walioshiba ghafla kwake, na kila alipotaka kwenda aliona aibu. Siku zikapita. Kuku wa radhi akaanza kutaga. Kisha akaatamia, na kuku aliyeatamia hapelekwi mahali. Vifaranga vikaanguliwa, na mwenye vifaranga hatenganishwi navyo. Baba alisema, wakishakua. Wakakua, mama yao akaatamia tena. Ua wetu ulijaa kuku wa madoadoa, wote wajukuu wa samahani ambayo haikwenda, na sisi watoto tulifurahia mayai.

Waseme yeye hakuwa na kuku. Asubuhi ya kwanza baada ya hitima alivuka gogo kama kawaida, akaketi mlangoni, akaimba. Baba alitoka kuswali, akamwona, akaokota jiwe. Lilimpata ubavuni. Mbwa akalia, akarudi kwao akichechemea. Nililia mimi pia. Asubuhi ya pili alikuwa pale tena, ameketi palepale, mkia unatikisika mgongoni. Baba alisimama akiwa na tasbihi mkononi. Hakuokota kitu, hakumkuna, akapita. Asubuhi iliyofuata ikawa hivyo, na iliyofuata. Mbwa alimwimbia mtu aliyempiga jiwe, kila siku, bila kununa. Sijui ni lini hasa, siku moja niliona mkono wa baba umeshuka wenyewe na kumkuna katikati ya masikio. "Mbwa mukavu," alisema. Mama alikuwa ndani, baba hakuwa na wa kumwambia, lakini alisema.

Mwaka ule Waseme alipambana na nguruwe-mwitu, akaja kwetu sikio limepasuka. Lilikuwa limefungwa kitambaa cha buluu, na mimi nilikitambua: ni shati la kwaya la mjomba. Baba alikiangalia kitambaa kile kwa muda mrefu. Akaniagiza mawese na majani ya tumbako yaliyosagwa, akachanganya, akaniambia nimpake mbwa, yeye amekaa pembeni akinielekeza, hapa, na hapa, polepole. Kesho yake mbwa alirudi na kitambaa kipya, kipande kingine cha shati lilelile. Baba akachanganya dawa tena. Iliendelea hivyo mpaka sikio likapona, na shati la mjomba naamini likaisha.

Kisha yalikuwapo maswali. Baba alikuwa akiniuliza kila nilipotoka kwa mjomba: "Huyu mbwa anakula vizuri kule?" Au: "Jana alikwenda porini, ama alilala tu?" Mjomba naye akiniona, baada ya kuniuliza shule, alisema: "Waseme akifika kwenu banamufukuza? Banamupa hata mufupa?" Mara moja aliuliza kama kiti kile cha baba bado kipo, kiti cha msimu wa mvua. Nikasema kipo. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Mimi nilijibu kila swali kwa uaminifu, kuhusu mbwa. Nilifikiri watu wazima wana mapenzi makubwa sana na mbwa huyu.

Msimu wa mvua uliofuata Waseme alianza kuchelewa. Alikuja jua limekwisha kutoka, akaimba kidogo, akageuka mapema. Halafu siku moja hakuja. Baba alitoka kuswali akasimama mlangoni pasipo na mbwa. Akaniuliza, mbona hakuja? Kesho yake akauliza tena. Akanituma nikamwangalie. Nilimkuta Waseme amelala chini ya kitanda cha mjomba, na mjomba yuko juu ya kitanda, mchana, amefunikwa blanketi mbili na anatetemeka. Nilirudi nikamwambia baba yote. Mjomba ni mgonjwa sana, mbwa anamlinda.

Baba alivaa kofia. Akatoka, akaenda hadi kijitoni, nilimwona kutoka jikoni. Alisimama mbele ya gogo muda mrefu. Kisha akarudi. Kuku alikuwa ameatamia tena, alisema, na hawezi kwenda kwa mgonjwa mikono mitupu, watu watasema nini. Kesho ni Ijumaa. Akitoka kuswali atanunua kuku mwingine kwa mtu, atakwenda. Mama aliipua sufuria motoni, akajifunga kitenge, akavuka yeye.

Usiku ule mjomba alizidiwa. Vijana wake walimbeba kwa machela kwenda kumtafutia dawa kwenye kituo cha afya, na alikata roho njiani.

Ijumaa baba hakungoja swala. Alivuka lile gogo kwa mara ya kwanza tangu hitima, mvua inanyesha, kuku wa madoadoa amembana kwapani, mayai ameyaacha yapoe. Mimi na mama tulikuwa tumemtangulia. Waseme alikuwa ameketi nje ya mlango kwenye maji ya paa, amelowa mpaka mifupa inaonekana. Alipomwona baba alisimama. Akaimba, akazunguka, akamrukia kifuani, akamlamba mikono, shingo, uso, kama vile baba alikuwa amekuja jana na juzi na siku zote. Baba hakutafuta kiti. Alipiga magoti kwenye tope na kanzu yake, akamkumbatia mbwa yule, akalia kwa sauti ambayo sikuijua.

Mama Tereza, mjane wa mjomba, alitoka akamwinua. Alimpokea kuku. Akamfungua kamba, akamwachia aende zake uani. "Huyu hatutamuchinja," alisema. "Mwenye kumuchinja ameenda." Hakusema kwa ubaya. Halafu, walipoketi kwenye kilio, akamweleza baba kitu ambacho mama naye alikuwa hajui. Kila asubuhi mjomba alifungua mlango mapema, akamwambia mbwa, wende, ukamusalimie mutu wako. Na yeye mwenyewe hakula kitu mpaka mbwa arudi. Siku zile za sikio, mbwa aliporudi na mafuta ya tumbako, mjomba alimnusa, akasema, "Shemeji iko muzima," ndipo akaketi kula.

Waseme aliishi msimu mmoja zaidi. Aliendelea kuja kwetu asubuhi, na baba akaanza kumsindikiza kurudi, wanavuka gogo pamoja, akamwamkia Mama Tereza, akapasua kuni zake vibaya kama mtu wa dukani anavyopasua, akarudi nyumbani. Siku mbwa alipokufa baba alichimba shimo yeye mwenyewe. Watu wakasema, Mwislamu anazika mbwa. Waliachwa waseme.

Nilikuwa mkubwa, nimeolewa, ninaishi Kasongo, nilipoelewa kwamba hakuna hata swali moja kati ya yale lililohusu mbwa. Anakula? Alikwenda porini? Banamufukuza? Watu wawili waliokuwa wakipendana walitumia mnyama asiye na sauti na mtoto asiye na akili kuulizana hali, kila siku, umbali wa shamba la mihogo. Na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri. Baba alikuwa na desturi, kuku, kisu, walimu. Mjomba alikuwa na haki ya aliyekosewa, angoje. Mbwa alikuwa na miguu tu. Inaniuma kwamba walimtazama kila asubuhi akifanya jambo lenyewe, mbele ya macho yao, na hakuna aliyefikiri kwamba mtu naye anaweza.

Baba sasa ni mzee, anakaa kwangu. Mwaka jana alitoka msikitini akachelewa kuingia ndani, akakaa kibarazani na viatu vyake mkononi. Nikamfuata. Alisema kuna mwalimu kijana, amesoma mbali, leo alikuwa akifundisha habari za nyama. Baba alingoja watu watoke, akamweleza kisa cha mboloko wale, bila kutaja majina. Kijana akamjibu kwamba wapo wanazuoni wengi wanaokihalalisha chakula cha watu wa Kitabu na mawindo yao, na Mkristo aliyetaja jina la Mungu, nyama yake haina neno.

"Haina neno," baba alirudia.

Nilimwambia pole, baba, ungejua mapema mambo yasingefika kule.

Alitikisa kichwa. "Hapana, mama. Hata kama ingekuwa haramu. Mutu amepiga magoti kwenye umande, akaita Mungu kwa lugha isiyo yake, juu ya hitima ya mama yangu. Na miye nilimuuliza nani alikutuma."

Aliviweka viatu chini, akavipanga vizuri kimoja kando ya kingine, akaingia ndani.